Mkalimani wa Shemeji Asmundur

Shemeji yangu Asmundur Thorleifsson hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Akitaka kununua ng'ombe, alimkamua kwanza kwa mkono wake. Mchungaji akitangaza ibada ya wiki ijayo, Asmundur alimfuata nje kumuuliza kama ana hakika. Dada yangu Steinunn, mkewe, alikwisha kumzoea. Alinisimulia kwamba hata siku alipomwambia ana mimba ya kwanza, mumewe alimtazama kwa muda kisha akauliza, "Nani kasema?"

Tulihamia Dakota kutoka Aisilandi, sisi na karibu jirani zetu wote, baada ya mlima kutema majivu na kuyafunika malisho yetu. Huku tulipata ardhi nyeusi na ngano ikakubali. Lakini tulipoanza kuvuna cha kuuza, tukakutana na ghala la nafaka pale stesheni. Lilikuwa moja tu. Mwenyewe, Bwana Harwood, aliishi mbali na hatukuwahi kumwona uso. Tuliyemjua ni karani wake, na ile mizani kubwa ambayo mkokoteni mzima hupandishwa juu yake. Nyumbani tulipakia ngano tukijua ni nyingi, tukifika pale inakuwa kidogo. Watu walinung'unika, na msimu uliofuata wakarudi palepale, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja ya mavuno, mikokoteni ikiwa imepanga foleni, Asmundur alipanda yeye mwenyewe juu ya ile mizani.

"Nipime," akamwambia karani.

Karani akadhani ni mzaha, akampima. Mizani ikasema Asmundur ana uzito wa mtoto wa shule. Akashuka, akavuka barabara mpaka dukani, akapanda kwenye mizani ya kupimia misumari mbele yetu sote. Pale akawa mtu mzima, tena mwenye kitambi.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe mtu akitaka kukonda aende ghalani tu."

Kicheko kile kilizunguka makazi yetu yote kabla theluji haijaanguka. Ulipofika wakati wa uchaguzi, chama cha wakulima kilipotafuta mtu wa kwenda kwenye bunge la jimbo, jina lake lilijitokeza lenyewe. Naye akatushuku hata sisi. "Kwa nini mimi?" aliuliza. "Nani kawatuma?" Tukamwambia ni mizani ndiyo iliyotutuma. Akachaguliwa kwa kura nyingi.

Kabla hajaondoka, kampuni ya reli ilimletea pasi ya kusafiria bure kwa treni, kama ilivyowapa wajumbe wote. Aliigeuza huku na huku, akaitazama dirishani kwenye mwanga, akairudisha ilikotoka. Akakata tiketi kama mtu mwingine yeyote. Nilimpeleka stesheni kwa kigari changu cha theluji, naye njia nzima hakuzungumza ila kuhusu kufuli ya zizi lake, kama nitakumbuka kuifunga.

Yaliyotokea kule Bismarck, makao makuu ya jimbo, nimeyapata kwa dada yangu, na mengine kwa Asmundur mwenyewe, ambaye huyatoa kidogo kidogo.

Shida yake ilikuwa Kiingereza. Alikisikia kama mtu anavyosikia mazungumzo ya chumba cha pili, neno hapa na neno pale. Muswada wake ulikuwa mfupi: kila stesheni lazima iwe na mpimaji wa serikali, asiyelipwa na mwenye ghala. Lakini nani angeusemea?

Ndipo alipojitokeza Eggert Vigfusson. Huyu alikuwa mtu wetu, wakili, mjumbe wa wilaya ya jirani. Alikuja nchi hii akiwa mdogo, akasomea hapa, na Wamarekani walimwita Edward Foss naye akaitika. Wengi wetu ndiye aliyetusaidia kupata hati za mashamba yetu. Alivaa koti lenye ukosi wa manyoya na alikuwa na sauti ya upole.

"Kaka Asmundur," alimwambia, "wewe sema kwa lugha yetu, mimi nitawaeleza. Spika ameshakubali."

"Ulimwomba lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya kuniuliza mimi?"

"Nilijua hutakataa."

Kweli hakukataa, maana angefanyaje? Alisimama siku yake ya kwanza, akaeleza jinsi tunavyoibiwa, kwa hasira, akipiga meza. Eggert akatafsiri. Asmundur akazitazama nyuso za wajumbe. Alipotarajia wakunje uso, walitikisa vichwa kwa kukubali. Alipomaliza jambo zito kabisa, la mjane aliyeuza ngano ya mwaka mzima akarudi nyumbani na viatu vilevile vilivyotoboka, ukumbi ukacheka. Kisha mjumbe mmoja mnene aitwaye Pruett, ambaye kila mtu alijua kuwa anakula mezani kwa Harwood, akaja kumpa mkono na kumpigapiga begani.

"Wamecheka nini?" Asmundur akamuuliza Eggert.

"Nimeongeza utani kidogo. Hawa wanapenda utani."

"Utani gani?"

"Ukitafsiriwa hauchekeshi."

Asmundur akarudi chumbani kwake akilipima jambo hilo. Mtu anayeibiwa ngano hutazamwa kwa huruma, au kwa chuki ikiwa anayemtazama ndiye mwizi. Hapigwi bega. Akaanza kukumbuka vitu vidogo: Eggert akinong'ona na Pruett kwenye ngazi, Eggert akinyamaza yeye alipoingia chumba cha kuvutia sigara, Eggert akimuuliza mara kwa mara kama muswada wa Pruett kuhusu reli ameusoma, hali anajua hawezi kuusoma.

Basi akamtegea mtego. Safari ya pili aliposimama, alilitaja jina la Harwood kila alipopata nafasi. Harwood kafanya hivi, Harwood kasema vile, ghala la Harwood, karani wa Harwood. Jina ni jina, halina tafsiri. Kisha akatega sikio. Eggert alizungumza kwa madaha, mkono mmoja mfukoni, akamaliza, akakaa. Harwood hakutoka kinywani mwake hata mara moja.

Asmundur alimshukuru, akatoka, akaenda posta kupiga telegramu.

Kwetu telegramu haikuwa imewahi kufika ila kwa habari ya kifo. Mkuu wa stesheni alipokuja nayo, dada yangu alikaa kwanza kwenye ndoo ya maziwa ndipo akaifungua. Iliandikwa neno moja, "Njoo."

"Anaumwa," nikasema.

"Angeumwa angeandika kwamba haumwi," dada akajibu. "Huyu kashuku kitu."

Nikabaki na watoto wake na ng'ombe wake, yeye akapanda treni. Steinunn, kabla hajafika Dakota, alifanya kazi za ndani kwa familia ya Waingereza kule Winnipeg, Kanada, miaka kadhaa. Alikijua Kiingereza cha sebuleni na cha jikoni, na hata kile ambacho bibi mwenye nyumba hukisema akidhani mtumishi haelewi. Mumewe alimpokea stesheni bila kumkumbatia, akimtazama kila abiria aliyeshuka nyuma yake.

"Kuna aliyekuuliza unakwenda wapi?"

"Watu wote waliniuliza. Ni treni."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawajibu nakwenda kumwona mume wangu kabla hajapata kichaa."

Kesho yake dada alijifunika shali, akapanda kwenye roshani ya wageni, akakaa safu ya nyuma kati ya mabibi wa mjini akifuma soksi. Eggert hakuwahi kumwona ila mara moja kanisani, miaka iliyopita. Chini kule Asmundur akasimama, akasema yake, Eggert akafuata. Dada aliniambia kwamba sindano zake zilikwenda vizuri mwanzoni, kisha zikasimama, na bibi aliyekaa karibu naye akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Walikutana nje, wakatembea kurudi kule alikopanga. Theluji ilikuwa imeganda na watu ni wengi njiani.

"Sema," Asmundur akamwambia.

"Ngoja tuwapite hawa."

Wakawapita.

"Uliposema wanatuibia, yeye kasema kuna manung'uniko. Uliposema lazima kila stesheni iwe na mpimaji, yeye kasema ingefaa, pale itakapowezekana."

"Na Harwood?"

"Hakumtaja."

"Nilijua."

"Sijamaliza. Mwishoni wewe uliwashukuru tu kwa kukusikiliza, au siyo?"

"Ndiyo. Asanteni, basi."

"Yeye kaongea kirefu. Kasema wewe, mjumbe Thorleifsson, unauona muswada wa Bwana Pruett, ule wa kuisamehe reli kodi ya ardhi, kuwa ni wa busara, na kwamba utaupigia kura kwa moyo mweupe. Ndipo walipokupigia makofi."

Asmundur akasimama palepale njiani. Reli ilikuwa na ardhi kubwa kuliko wilaya yetu nzima, na kodi ambayo isingelipwa na reli ingelipwa na sisi.

"Una hakika?" akauliza.

Dada yangu akamgeukia. "Umenitoa nyumbani na baridi hii, nimeacha watoto, halafu unanishuku mimi?"

"Nauliza tu."

"Nina hakika, Asmundur."

Asubuhi walimkuta Eggert hotelini anakunywa kahawa. Alisimama kumpisha Steinunn kiti, akamtazama usoni, na dada anasema aliona jinsi alivyomtambua polepole, kisha akatazama juu kidogo kama mtu anayekumbuka roshani. Hakubadilika rangi. Alimimina kahawa vikombe viwili zaidi.

"Kwa hiyo umesikia," akamwambia.

"Nimesikia."

"Basi na unisikilize mimi pia, dada yangu. Na wewe, kaka. Umekuja hapa na muswada na hasira. Hasira haina kura. Ungewaita wezi, wangekwisha kuutupa muswada wako siku ile ya kwanza. Mimi nimekukusanyia watu. Pruett na wenzake watakupa mpimaji wako."

"Pale itakapowezekana," akasema Asmundur.

"Ni mwanzo. Miaka ijayo tunabadilisha neno moja."

"Na kodi ya reli?"

"Hapa hakuna anayepata kitu bila kutoa kitu."

"Lakini kilichotolewa ni changu, na mtoaji ni wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekataa."

Asmundur akazungusha kikombe chake bila kunywa. "Na wewe, Eggert, wamekupa nini?"

"Sijapewa kitu."

"Hili koti?"

"Nimelinunua. Unataka nikuonyeshe duka?" Alisema kwa sauti ileile ya upole. "Baba yangu alikufa kwenye meli iliyotuleta. Watu wetu nimewatumikia tangu nilipojua kushika kalamu. Ukisimama mwenyewe siku ya kura utazipoteza kura zote, na wakulima watakuuliza. Wakikuuliza, mimi sitasema uongo kukulinda."

Walipotoka, Asmundur alimuuliza mkewe amemwonaje.

"Sijui," dada akasema. "Mimi mtu angeniita mwongo ningemmwagia kahawa. Yeye katuongezea sukari."

Mchana ule wote na siku iliyofuata walijifungia chumbani. Steinunn alimpa maneno machache ya Kiingereza, mepesi, naye akayarudia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa. Asmundur aligombana na kila neno. Hili lina maana gani nyingine? Hakuna mtu atakayelipindua? Dada alichoka hata akamwambia, "Hayo ni maneno, siyo farasi. Huwezi kuyafungua mdomo ukatazama meno."

Siku ya kura Eggert alisimama kama kawaida kando yake. Asmundur akamwashiria akae. Kisha akaanza, kwa Kiingereza chake, taratibu, akikosea hapa na pale.

"Mimi naitwa Thorleifsson. Mimi mkulima. Bwana Foss amesema maneno yake kwenu, si yangu. Leo nasema yangu. Ghala la Harwood linaiba. Mimi nataka mpimaji, lazima. Si ingefaa. Lazima. Na mimi sipigii reli kura. Sikusema hivyo. Sitasema hivyo."

Mjumbe mmoja wa mbele alicheka matamshi yake, na wengine wakaungana naye. Pruett aliinuka akasema ameudhika, kwamba bunge limedanganywa, na kwamba mtu asiye na lugha hana haki ya kuwaita waungwana wezi. Asmundur alibaki amesimama kwa sababu Steinunn hakuwa amemfundisha neno la kukaa.

Ndipo nyuma kabisa akainuka Mjerumani mmoja aliyehama kutoka Urusi, mtu wa ndevu ambaye tangu bunge lifunguliwe hakuwa amefungua kinywa. Kiingereza chake kilikuwa kibaya kuliko cha Asmundur. Alisema kwao pia ghala linaiba. Akakaa. Akafuata Mnorwei, naye akasema lake. Eggert Vigfusson alitazama meza yake wakati wote huo, na kura ilipopigwa, aliunga mkono muswada wa mpimaji. Asmundur hakulielewa hilo wakati ule, na hata leo hajalielewa.

Muswada ukapita kwa kura chache, na neno "lazima" likiwa ndani yake. Ukapelekwa baraza la juu. Huko ukawekwa kando, na hakuna aliyeugusa mpaka bunge likafungwa. Ule wa reli pia ulianguka, lakini nani angelikumbuka jambo ambalo halikutokea?

Asmundur alirudi nyumbani bila sheria. Habari zilikuwa zimemtangulia. Watu walisema sheria ilikuwa tayari mkononi, Vigfusson ameipika mpaka imeiva, na Asmundur akaimwaga. Kisha wakaanza kuulizana kwa nini mtu afanye hivyo. Kwa bahati mbaya dada yangu alirudi na kofia mpya, ya buluu, yenye utepe. Jumapili ile hakuna aliyemsikiliza mchungaji. Kanisa zima lilikuwa likiitazama kofia.

Mkutano ulifanyika baada ya ibada, kahawa ikizunguka na kila mtu na donge lake la sukari kati ya meno. Jirani yetu Hjalti, mtu aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la Asmundur wakati wa uchaguzi, alisimama.

"Ndugu yangu, tunataka kusikia kwako. Wanasema kura zilikuwepo, hata za baraza la juu. Wewe ukazivunja. Sisi tunauliza tu, kwa faida ya nani?"

Nilimtazama shemeji yangu. Nilidhani atapiga meza. Badala yake akasema, "Mna haki ya kuuliza. Mimi ningekuwa hapo mlipo ningeuliza."

"Basi jibu."

"Nikijibu mtaniamini?"

Hakuna aliyesema ndiyo. Hjalti alitazama ndani ya kikombe chake.

Steinunn ndiye aliyesimama. Aliwaeleza yote, tangu telegramu mpaka yule Mjerumani, akirudia maneno ya Eggert kwa Kiingereza kisha kwa lugha yetu, sentensi baada ya sentensi, ili wanaojua lugha zote mbili wapime wenyewe. Alipomaliza akaivua kofia na kuiweka mezani katikati ya vikombe. "Hii nilipewa na mama mwenye nyumba kwa soksi nilizomfumia. Anayetaka kumuuliza, nitampa anwani."

Wengine waliamini. Wengine walisema mke hawezi kumsema mumewe vibaya. Uchaguzi uliofuata walimpeleka Hjalti, akaenda kwa pasi ya bure ya reli, akarudi nayo, na hatukusikia lolote kuhusu mpimaji.

Asmundur hakulalamika. Alinunua magazeti ya Kiingereza, akayasoma jikoni kwa sauti kila siku baada ya kukamua, Steinunn akimsahihisha huku akipika, na watoto wakimcheka. Alipogombea tena alikwenda nyumba kwa nyumba, na mtu akimuuliza lile swali la zamani, alikaa na kulijibu upya tangu mwanzo. Akashinda kwa kura chache. Safari hiyo yule Mjerumani na yule Mnorwei walikuwa bado wapo, na wapo wengine wa namna yao, na sheria ikapita mabaraza yote mawili. Mpimaji wa serikali alipofika stesheni kwetu, Asmundur alimhoji kuanzia ukoo wake.

Eggert yeye alihamia St. Paul, akawa wakili wa kampuni ya reli. Wapo wanaosema hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yake tangu siku ya kwanza. Wapo wanaosema alikwenda kwa uchungu, maana baada ya maneno ya dada yangu pale kanisani wengi waliacha kumsalimia, na mtu lazima ale. Mimi nimewahi kuamini hivi, nikaamini vile.

Alirudi mara moja, kiangazi, kumzika mama yake. Tulikula pamoja baada ya mazishi, nyama ya kondoo ya moshi na viazi, na kwa kukosa nafasi wakamkalisha mkabala na Asmundur, Steinunn akiwa kati yao kwenye kichwa cha meza. Eggert akamwomba radhi kwa yale ya zamani, kwa Kiaisilandi safi cha babu zetu: kwamba imepita miaka, kwamba hakumtakia mabaya. Asmundur akamjibu kwa Kiingereza, polepole, ili wote mezani wasikie, kwamba ombi lake amelisikia na bado analifikiria.

Eggert akamsahihisha neno moja, kwa upole uleule.

Asmundur akamgeukia dada yangu. "Ni kweli nimekosea?"

"Umekosea," dada akasema, akampitishia viazi.